Mchumba Nje ya Ua wa Masale

Kazi yangu ni kuwazuia watu wasishuke melini. Nikipanda meli iliyofika bandarini Tanga nikamkuta baharia ana homa na vipele, nahodha hata akinipigia magoti, itabaki imetia nanga kulekule nje mpaka niridhike. Watu husema nina roho ngumu, nami hufurahi kusikia hivyo.

Basi baharia mmoja akaniambukiza tetekuwanga. Vipele vilinitoka nikiwa nyumbani Old Moshi, asubuhi ya siku ya posa yangu. Nilijitazama kwenye kioo nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mama hakucheka. Wakwe walikuwa wameshatoka Rombo na mbege yao, pombe ya ndizi, na kwetu mbege ya posa haiguswi mpaka baba amwulize binti, mbele ya wote, kama inywewe. Binti akikataa au asipoonekana, wageni huibeba wakarudi nayo, na habari imeishia hapo.

Nilimpenda yule mwanamume hadi nikawa kama punguani. Hata hivyo nilihamia stoo ya kahawa, nikapiga marufuku mtu yeyote kuvuka ua wa masale, mimea yetu ya mpaka, ulio mbele yake.

Wageni walipofika nilisimama mlangoni, kanga imenifunika hadi puani, nikawaamkia wazee shikamoo kwa mbali. Kisha nikauliza swali ninalowauliza mabaharia: nani amewahi kuugua tetekuwanga? Bibi wa mchumba alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Shangazi akadai yake ilikuwa kali kuliko ya bibi. Wajomba wakafungua vifungo vya mashati kuonyesha makovu, wakibishana kama wako mnadani. Wote hao walishaugua, kwa hiyo hawakuwa na cha kuogopa. Wakavuka na mbege yao, wakaketi juu ya magunia ya kahawa, stoo ikajaa vicheko.

Alibaki mmoja nje, ameshika kamba ya mbuzi. Mchumba wangu hakuwahi kuugua. Alipoinua mguu avuke, nikamkemea.

"Rudi. Usivuke."

Kicheko kilikatika. Bibi akaiweka chini taratibu kata ya kunywea mbege, ingali tupu. Binti alikuwa amemfukuza bwana harusi mbele ya ukoo mzima.

Mchumba wangu huongoza watalii mlimani. Alirudi nyuma, akamfunga mbuzi kwenye mgomba, akakaa chini kwenye majani makavu.

"Mlimani mtu akizidiwa tunakaa, tunamsubiri," alisema. "Baba, mwulize tu. Mimi nipo."

Baba akaniuliza kama mbege inywewe au ibebwe. Nilikuwa nimefundishwa kujibu kwa sauti ya chini, macho nimeyainamisha. Nilijibu kwa sauti ninayotumia kuziita boti bandarini.

"Inywewe. Na yeye mpeni kata yake hukohuko."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Mjomba akampelekea kata, naye akanywa peke yake nje ya ua, ananitazama juu ya ukingo wake, na kwa furaha nikasahau kujikuna.