Chembe Tatu za Asubuhi

Mkono wa kuume wa Papa Elysée ndio ulioilisha nyumba yake miaka thelathini. Alikuwa fundi wa redio karibu na soko, hapa Kalemie, na watu wa Zongwe walikuwa wakija kwa boti, redio zao zimeviringishwa ndani ya kitenge, wakiwapita mafundi wengine wote ili wafike kwake. Waya mwembamba kama unywele aliushika kwa vidole viwili, akautia mahali pake bila kutikisika.

Mwaka jana, mwezi wa pili, kiharusi kilimkuta pale pale mezani. Hospitalini maneno yalimrudia upesi, na mguu nao ukakubali kukokoteka. Lakini mkono ule ulilala kando yake kama mali ya mtu mwingine.

Mkewe, Mama Séraphine, akawa ndiye wa kumwosha, kumvisha na kumtolea samaki miiba. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, alimfunga vifungo vya shati, na Papa Elysée akawa anatazama ukutani mpaka amalize. Hospitali ilimpa pia Mama Julienne, kine, yule anayenyoosha viungo vya wagonjwa. Huyo alimwekea maharagi kwenye sahani: ayaokote moja moja kwa vidole vya kuume, ayahamishie sahani ya pili. Siku ya tatu Papa Elysée aliisukuma sahani ikaanguka chini.

“Mimi si mutoto wa gardienne!” alisema. Kwake ulikuwa mchezo wa watoto wa chekechea.

Mama Julienne aliokota maharagi yote, akaaga. Hakuitwa tena.

Likizo ilipofika, Syntiche, mtoto wa dada yake Papa Elysée, anayesoma Kigoma, alivuka ziwa kuja kumwona. Alikuwa amepakata chupa ya maji, na ndani yake samaki mmoja mwekundu, mdogo kama kidole, mwenye mapezi marefu yanayopepea kama shela ya bibi harusi.

“Muyomba, nimekuletea mugeni. Anaitwa beta. Huyu hatumuli, njo wa kutazama.”

“Samaki wa kutazama? Hapa Kalemie?” Papa Elysée akacheka. Tangu hospitali hakuwa amecheka.

Syntiche akamweka ndani ya bokali kubwa ya kioo, juu akaifunika kwa kipande cha chandarua, maana beta hujua kuruka. Akaeleza: anaishi peke yake, akiwekwa na dume mwenzake watapigana mpaka mmoja afe. Hewa huja kuivuta juu ya maji, kwa hiyo hata umeme ukikatika hana shida. Maji ya bomba yalale kwanza ndani ya ndoo siku mbili, na yabadilishwe kidogo kidogo, yasimwagwe yote. Na chakula ni chembe tatu asubuhi, tatu jioni, basi.

Mama Séraphine akiwa sokoni, ni nani wa kumlisha? Papa Elysée alikishika kikopo cha chakula kwa mkono wa kushoto, akakitikisa juu ya maji. Zikaanguka chembe ishirini, labda zaidi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tano maji yalikuwa yamechafuka kama ya kuoshea mchele, na samaki alikuwa amelala ubavu chini ya bokali, tumbo limevimba.

“Papa, umemukulisha mpaka unamuua,” Mama Séraphine alisema kwa upole.

Walimpigia Syntiche simu. Asile kitu siku tatu, akasema, na maji yapunguzwe na kuongezwa kila siku. Mama Séraphine akawa anachota maji kwa kikombe, na Papa Elysée hakubanduka hapo mezani. Siku ya nne samaki alipanda juu, akavuta hewa, akamgeukia.

Papa Elysée alimwaga chembe kidogo kwenye kisahani, akaunyanyua mkono wa kuume kwa ule wa kushoto, akauweka mezani. Kidole gumba kilikataa. Cha shahada kilikwenda upande. Chembe ziliviringika sakafuni na sisimizi wakazibeba. Siku hiyo Mama Séraphine ndiye aliyemlisha samaki aliporudi. Lakini asubuhi iliyofuata mzee alikuwa pale tena, na samaki naye amekuja kwenye kioo, mapezi yakitetemeka, anangoja.

Wiki ya tatu, chembe moja ilishikika. Ilifika juu ya maji, ikaanguka, samaki akaidaka. Papa Elysée aliita kwa sauti, “Amekula! Séraphine, amekula!” Nyumbani hakukuwa na mtu. Akaketi akilia peke yake, akimshukuru Mungu.

Miezi minne baadaye alituma watu wamwite Mama Julienne. Alipofika, Papa Elysée hakumsalimu kwanza. Alimlisha samaki chembe tatu mbele yake, moja baada ya nyingine.

“Ni nani amekufundisha?” Mama Julienne akauliza.

“Ni wewe, Mama. Mimi sikusikia. Unisamehe ile sahani.”

“Ile sahani ilikuwa ya kwenu, haikuwa yangu,” alijibu, wakacheka wote wawili.

Kazi ya redio haikurudi. Koleo bado linamponyoka, na anasema wazi kwamba vijana wataifanya. Lakini jioni moja juma lililopita Mama Séraphine alikuwa anashona pindo la kitenge chake, uzi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano, macho yake yakimtoka machozi kwa kukaza.

“Leta,” Papa Elysée akasema.

Mara nne uzi ulikosa. Mara ya tano ukapita. Akampa sindano yake.

“Aksanti, Papa.”

“Hapana, mama. Ni mimi niko na deni ya aksanti kwako, na sijaanza hata kuilipa.”

Mama Séraphine aliinamisha kichwa juu ya kitenge, akaendelea kushona.