Mkono wa Pili wa Gauni

Kadiri ameshona nguo Gisenyi miaka arobaini, na desturi yake ni ya mafundi wote: Idi ikikaribia, nguo za wateja kwanza, za nyumbani mwisho. Mkewe Uwimana alizoea. Kila mwaka alivaa gauni lake asubuhi ya sikukuu likiwa bado na joto la pasi.

Mwaka huu Uwimana alifariki siku nne kabla ya Idi. Gauni lilikuwa na mkono mmoja. Kadiri akalikunja, akafunika cherehani kwa shuka. Miezi mitatu hajakigusa.

"Papa, wateja wanahamia kwa wengine," mwanawe Latif alimwambia. "Enda kwa ule mushauri wa kituo cha afya. Anatibu na maongezi."

"Maongezi? Mutu anaumwa, anapewa maneno?"

"Enda tu, utaona."

Akaenda, kutaka kujua tu. Mshauri alikuwa Kabatesi, mama aliyekulia Tanzania. Alimwamkia shikamoo. Kadiri aliitikia huku macho yakizunguka ukutani. Kalenda moja, basi.

"Picha ziko wapi?"

"Picha gani, mzee wangu?"

"Za mitindo. Kwangu muteja anaangalia ukuta, anachagua. Hapa nitachagua namuna gani?"

Kabatesi alicheka mpaka akavua miwani. "Picha sina, ila mitindo ipo." Akamweleza. Wapo washauri wanaorudi nyuma hadi utotoni, wakafumua mshono wa zamani.

"Kufumua hapana. Mi nilikuwa mutoto muzuri."

Wapo wanaoshika wazo moja linalokusumbua, wakaligeuza ndani nje kuona kama ni kweli. Wengine huanza na mikono: ufanye jambo dogo, moyo ufuate baadaye. Tena kuna kukaa kikundi, wafiwa kwa wafiwa.

"Bon, sawa. Na muzuri ni ipi?"

"Na gauni zuri ni lipi?"

Kadiri alifikiri. "Inategemea mwenye kuvaa."

"Basi niruhusu nikupime. Kinachokuuma ni nini?"

Maisha yake yote amepima watu. Kupimwa yeye, hakumbuki.

"Amekufa gauni haijaisha. Watu wote niliwaweka mbele. Yeye nilimuweka wa mwisho."

"Hilo la kuwa wa mwisho, alilisema yeye, au unalisema wewe?"

Swali lilimshangaza. Akalizungusha kichwani. "Yeye alikuwa anasema, 'Shona ya watu, mzee. Yangu unaijua.' Sikumupimaka hata siku moja. Vipimo vyake viko hapa." Akagusa paji la uso.

Kabatesi akavaa miwani yake tena. Akasema, "Jumatatu ondoa shuka. Usishone. Ondoa shuka tu."

"Ni dawa hiyo?"

"Tuijaribu. Ikibana, tutabadilisha mtindo."

Jumatatu aliondoa shuka. Jumanne akatia mafuta, maana kutu ilikuwa inamuudhi. Jumatano alitaka kujua kama mguu bado unakumbuka pedali. Ulikumbuka. Akashona mkono wa pili bila futi. Ukakaa sawasawa.

Gauni alilitundika ukutani, kando ya picha za mitindo. Kesho yake akaingia mwanamke kutoka Rugerero, akalinyooshea kidole.

"Nataka ile."

"Ile haiuzwe, iko ya mwenyewe," Kadiri alisema. Akalitazama kidogo, akachukua futi. "Lakini mukato wake naujua. Kuja nikupime."