Springi za Kuongeza

Mwezi uliopita, kwenye yadi ya magari pale Ukunda, nilimsikia mchimba mawe akichagua kati ya pikapu mbili. Muuzaji, mzee wa kofia, alimsukumia ile ya tani mbili.

"Mawe hayana huruma, mwanangu."

"Hii ya tani moja yanitosha, mzee. Fundi ataniongezea springi."

"Springi zaongezwa. Na breki je?"

Yule bwana akaipiga boneti kofi, akacheka. Nami nikacheka, maana huku kwetu gari lisipobonyea nyuma, twasema halijazidiwa.

Jumanne niliikuta pikapu ile mteremkoni karibu na Tiwi, imelala ubavu, mawe yamemwagika, mwenyewe amefunikwa leso. Nilizichungulia springi. Hakuna hata moja iliyovunjika.