Protais na Mtungi wa Posa

Burundi kwetu hakuna bahari. Chumvi, saruji, hata viatu vya arusi huja kwa lori, na kwa miaka mingi havikuingia kabla Protais hajavigusa. Alikuwa afisa forodha mpakani Kobero. Alikuwa na chuma chembamba, alilidunga nacho gunia la mchele mpaka katikati, akanusa ncha, ndipo akasema, "Pita."

Siku hizi anaosha mabasi hapa Stockholm, na tunakaa jengo moja mtaani Fisksätra. Ni mtu mwema, mzee wa kanisa, lakini ile kazi haijamtoka. Kwenye treni anaikodolea macho mikoba ya watu mpaka wengine wanahama viti. Mkewe Dative akirudi dukani husimamishwa mlangoni.

"Hii nini?"

"Vitunguu, baba."

"Na chini ya vitunguu?"

"Vitunguu vingine!"

Mwaka huu Natacha, binti wa marehemu mdogo wake, alipata mchumba, Ludovic wa mtaa wa Vårby gård. Protais ndiye baba yake mkubwa, kwa hiyo neno ni lake. Naye alikasirika, maana vijana walijuana wenyewe tu, bila mshenga.

"Huyo kapita njia za panya," akasema. "Wakija kuposa nitawasikiliza, kisha nitawarudisha kwao. Mwaka kesho waje kwa adabu."

"Men snälla, baba mkubwa!" Natacha alimsihi, Kiswidi kikamtoka, halafu akaja kulia jikoni kwangu. Nikamwambia, mwanangu, tuombe. Tukaomba. Sikujua Bwana atajibu kwa namna ile.

Jumamosi wageni walifika kwenye ukumbi wa chini ya jengo letu, mzee Anicet, msemaji wao, akiwa mbele. Shangazi yake Ludovic alibeba mtungi wa pombe ya mtama. Mimi situmii, lakini mila naijua: mtungi wa posa hufungwa kwa majani ya mgomba, ukawekwa katikati mpaka maneno yaishe. Upande wa binti wakiufungua, wamekubali. Wakikataa, unarudi kama ulivyokuja.

Protais alisimama mlangoni amevaa suti. Akauona ule mtungi ulivyofungwa vizuri. Vizuri mno. Mimi nilikuwa karibu na mlango, mwiko mkononi, napakua chakula; nikaona vidole vyake vinaanza kucheza.

"Tua hapo, mama," akamwambia shangazi.

Kabla hatujajua kinachoendelea alishafungua kamba, kafunua majani, kaninyang'anya mwiko, kauzamisha mpaka chini. Akaunusa.

"Mtama," akasema. "Hakuna kingine. Piteni."

Hata watoto waliacha simu. Mzee Anicet akavua kofia polepole.

"Mzee mwenzangu, nilijiandaa kukubembeleza mpaka jioni. Mimi sijafungua kinywa, wewe umeshafungua mtungi! Tunashukuru sana kwa binti."

"Ngoja! Nilikuwa nakagua tu!"

"Mtungi wa posa unakaguliwa wapi?"

"Sasa ningejuaje kilichomo?"

"Si umeshajua? Na umesema tupite, mkwe wangu."

Dative akapiga kigelegele, na sisi wanawake tukampokea. Natacha, ambaye kwa mila angengoja ndani mpaka aitwe, alitoka mbio akamkumbatia baba yake mkubwa, mzee bado kashika mwiko, pombe ikamchuruzikia suti.

Protais akatutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumtetea. Mimi nikainamia sahani zangu. Akashusha pumzi.

"Ludovic, njoo hapa."

Kijana akaja. Protais akamtazama juu mpaka chini, nikadhani sasa atampekua mifuko. Lakini aliweka mwiko chini, akamwekea mkono kichwani, akamwombea. Sala fupi, nzuri, hata Anicet akafuta macho.

Kisha akaagiza vikombe viletwe upesi, maana, alisema, mtungi ukishafunguliwa haungoji.