Kaburi la Mama Lilivyofunguliwa

Baba yangu ni mchimba makaburi. Alipoanza kazi, makaburi yalikuwa nje ya mji. Sasa nyumba zimeyazunguka, hata majirani huanika nguo kwenye ukuta wa makaburi. Baba hutania kwamba siku hizi hata kufa kuna foleni. Kaburi likitimiza miaka kumi, hulifungua akazika mwingine juu yake.

La mama lilikuwa na miaka kumi na mbili. Kila mwezi baba alilimwagia udongo mpya lionekane la juzi, nami nilibeba ndoo bila kuuliza.

Jumanne mwanamke mmoja alikuja na mtoto wake aliyekufa, amemfunga kwenye shuka. Msimamizi akamwambia baba, "Mzee, hilo lako la udongo mpya tunalijua wote. Tumekunyamazia vya kutosha."

"Mpeleke kwingine, bosi."

"Kwingine wapi? Kote kumejaa."

Mwanamke alikuwa akimtikisa mtoto taratibu, kama anambembeleza alale.

Baba alimtazama, kisha akanigeukia. "Binti, lete koleo."

Tulichimba polepole. Zamani chumbani kwetu tulilala watu tisa, na mama hakukosa mtoto wa mtu ubavuni, wa shangazi au wa jirani.

Baba alimpokea yule mtoto kwa mikono miwili, akainama shimoni. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mama watoto, sogea kidogo."