Nilimdanganya mama kuwa nina jumuiya Zanzibar, akaja na zawadi ya mgonjwa asiyekuwepo

Wakuu, heshima zenu wote, waamini kwa wasioamini.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili la dini. Naona mnavyotoana jasho kila siku kama Mungu yupo au hayupo, mpaka watu wanatukaniana wazazi. Leo nimeamua kuleta yangu. Imenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana mama siku hizi naye ana simu janja, na dada yangu humu ndani yumo.

Sijaja kukashifu dini ya mtu. Mwenye povu alitunze kwanza, asome mpaka mwisho.

Niite Deo. Kwetu ni Mbinga, Mkatoliki wa kuzaliwa, nimetumikia altareni tangu darasa la tatu, seminari ndogo nimekaa miaka minne. Kwetu ukiwa si Mkatoliki watu wanakuuliza umepatwa na nini.

Nilikuja Unguja kikazi. Mimi ni fundi wa AC na majokofu, wateja wangu wengi ni hoteli za Kiwengwa na Kendwa. Nimepanga chumba Kiembe Samaki, uani kwa mama mmoja mjane, nimwite Bi Tatu. Chumba changu na mlango wake wa jikoni vinatazamana, hatua kama saba hivi.

Nataka ieleweke, sikuacha kanisa kwa hasira. Hakuna padri aliyenikosea, hakuna aliyekula sadaka yangu. Nilianza kukosa Jumapili moja moja kwa sababu ya kazi, AC ya mgeni haijui sikukuu.

Halafu likaja swali.

Bi Tatu anaamka kabla ya alfajiri kusali. Nikisikia komeo lake namkumbuka mama, ambaye saa hizo naye yuko Mbinga na rozari mkononi. Wote wawili wana uhakika. Wote wawili wananiombea, kila mmoja kwa njia ambayo mwenzake anaamini haifiki mbali.

Nikawa najiuliza, mimi ningezaliwa Makunduchi si ningeitwa Ali, na ningekuwa na uhakika uleule? Sasa huu uhakika unatoka kwa Mungu, au unatoka pale kilipozikwa kitovu?

Wakuu, hilo swali lilikaa kichwani kama mgeni asiyeaga. Ndani ya mwaka mmoja sikuwa nakwenda kanisani tena, na wala sikuhamia msikitini. Barazani wananitania nitasilimu lini. Ndugu wa bara wananiuliza kama wameshanisilimisha. Bi Tatu peke yake ndiye hajawahi kuniuliza, yeye anauliza kama nimekula.

Tatizo likawa mama.

Kwa wasio Wakatoliki, jumuiya ni nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ndiyo inayokujua. Ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa, au ukifa, paroko anauliza kwanza jumuiya yako ni ipi. Huna jumuiya, wewe ni mpita njia tu.

Mama anapiga simu kila Jumapili jioni, na swali lake la pili baada ya afya ni lile lile: Jumuiya wiki hii mmesali kwa nani?

Siku ya kwanza nilibanwa, nikajibu, "Kwa Mama Koleta." Jina lilinijia tu, sijui hata lilitoka wapi.

Uongo una njaa, wakuu. Ukishauzaa lazima uulishe. Wiki iliyofuata mama akauliza Mama Koleta ni mtu wa wapi, ana watoto wangapi, anaendeleaje. Nami sina kipaji cha kutunga, nikawa nampa Mama Koleta sifa za Bi Tatu. Kwamba ana goti bovu la mguu wa kushoto, akipanda ngazi anashika ukuta. Kwamba ukipita mlangoni kwake bila kula anakununia. Yote kweli, jina tu na dini ndivyo nilivyobadilisha.

Mama akampenda mno Mama Koleta. Akapeleka goti lake kwenye jumuiya yao, likaingia kwenye nia za sala. Miaka minne wanawake wa Mbinga wanaombea goti, kila Jumamosi, na mimi kila Jumapili napokea salamu za mgonjwa.

Nilikuwa naona aibu? Sana. Ila nilijiambia ni uongo usiomuumiza mtu, na mama anapata raha. Mtu mzima hujidanganya vizuri kuliko anavyodanganya wenzake.

Mwaka huu baada ya kuuza kahawa mama akasema anakuja kunitembelea.

Nilimpokea bandarini Alhamisi. Ana unga, ana maharage, ana kahawa yetu. Na ana kifurushi kimoja asichotaka kibebwe na mtu mwingine. Kufika chumbani akakifungua. Kitenge doti nzima na chupa ya mafuta ya nyonyo. Wanawake wa jumuiya wamechanga, zawadi ya Mama Koleta.

"Jumamosi tunasali kwa nani?" akaniuliza. "Nataka nimkabidhi mbele ya wenzake."

Nikamwambia nitaulizia, nikatoka kuchota maji.

Usiku nikamfuata Bi Tatu jikoni, nikamweleza yote, nikamwomba amwambie mama kuwa Mama Koleta kasafiri. Alinisikiliza huku anachambua mchele, hakunyanyua hata uso.

"Mie uongo sisemi, mwanangu," akasema. "Na huo wako, ubebe mwenyewe. Mama'ko nitampikia."

Na kweli alimpikia. Ijumaa nzima wale wawili wakawa kama waliokua pamoja. Mama anamwita dada, Bi Tatu anamwonesha namna ya kuunga samaki kwa nazi. Asubuhi kabla sijaenda kazini, na tena jioni niliporudi, nilimwona mama akimwangalia Bi Tatu anavyopanda ile ngazi ya jikoni, mkono ukutani.

Mimi siku nzima niko Kiwengwa juu ya ngazi, napanga kumuua Mama Koleta. Kwamba alifariki ghafla wiki iliyopita, nilishindwa kukwambia kwenye simu. Nikaona inafaa. Kisha nikakumbuka mama yangu ni mtu wa kutaka kwenda makaburini, na rambirambi atataka kumpa nani? Nikamfufua.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi naamka, mama ameshavaa. Kitenge, kilemba, rozari, kifurushi mapajani. Amekaa ukingoni mwa kitanda ananisubiri. "Twende, tusichelewe."

Wakuu, nilimwangalia vile alivyokaa, mtu aliyesafiri kutoka Mbinga na mafuta ya kuchua goti la watu, nikashindwa kabisa.

Nikamwambia, "Mama, Mama Koleta hayupo."

"Amekufa?"

"Hakuwahi kuwepo."

Nikamwaga yote. Kwamba sina jumuiya, kanisani sijaingia muda mrefu, sijui kama ninaamini. Mama hakulia wala hakufoka. Alianza kuzungusha rozari kwenye vidole bila kusali. Nilitamani hata anizabe kibao.

Kisha akauliza swali moja. "Hilo goti tuliloliombea ni la nani?"

Nikamwambia la Bi Tatu.

Akasimama na kifurushi chake, akavuka ua. Mimi nyuma kama mtoto aliyevunja chungu. Akamweleza Bi Tatu kila kitu bila kunipamba, mpaka jina la Koleta. Bi Tatu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

"Mmeniombea miaka minne?"

"Kila Jumamosi," mama akasema.

Bi Tatu akamshika mkono. Halafu akasema basi ndiyo maana mwaka huu anaweza kupanda ngazi, mwaka jana alikuwa hawezi. Mimi najua alichomwa sindano za goti hospitali, nilimpeleka mwenyewe. Ila si pahala pangu kulisema.

Mama akavua kilemba, akakunja mikono, akamchua goti pale pale jikoni kwa mafuta yake. Chai tulikunywa saa nne.

Jumapili nikamsindikiza kanisani Mji Mkongwe. Hakuniambia niingie. Nilikaa barazani nje mpaka misa ikaisha, nasikia nyimbo ninazozijua zote mpaka sauti ya pili. Alipotoka tukanunua chai na maandazi, akakaa pembeni yangu.

"Unaamini Mungu yupo?"

"Sijui, mama. Sitaki kukudanganya tena."

Nilijiandaa kwa mahubiri. Badala yake akaniambia jambo ambalo katika miaka yangu yote sikuwahi kulisikia. Kwamba baba alipofariki, mwaka mzima alisali Baba Yetu bila kuamini hata neno moja. Alikuwa anakwenda jumuiya kwa sababu asipokwenda wale wanawake wangekuja kugonga mlango, na kweli kuna siku walikuja. Imani ilirudi baadaye, yenyewe, hata hajui ilirudi siku gani.

Kisha akasema, "Ulifikiri naulizia jumuiya yako ili nijue kama utaingia mbinguni? Nilitaka kujua siku mlango wako usipofunguka asubuhi, nani atagonga."

Nililia, sioni aibu kusema. Mtu mzima na andazi mkononi, watalii wanapita.

"Bi Tatu atagonga," akaendelea, anakunywa chai. "Nimemwona. Sasa nitalala."

Msidhani uongo ulisamehewa bure. Aliporudi Mbinga aliwaeleza wenzake yote, kisha akanipigia wakiwa jumuiyani, simu kaiweka kwenye spika, nikaomba radhi kwa wanawake kumi na wanne mmoja mmoja. Mmoja alitaka kujua kama kitenge kimemtosha Bi Tatu. Siku hizi wanaombea goti la Bi Tatu kwa jina lake halisi, na baada ya goti wananiombea mimi.

Nilichojifunza? Maswali yangu bado ninayo yote, hakuna lililojibiwa. Sirudi altareni kesho, na sisilimu. Ila nilidhani mama ananichunga dini, kumbe alikuwa ananitafutia watu. Miaka minne nimemnyima amani kwa kuficha jina la mtu mmoja aliyekuwa hatua saba kutoka mlangoni kwangu. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hoja zote za humu.

Na nimepungukiwa na hamu ya kubishana. Ukiniuliza kama Mungu yupo nitakwambia sijui, na siku hizi naweza kusema hivyo mbele ya mama na nikapata usingizi.

Karibuni, wa dini zote na wasio na dini. Mnaotaka kunirudisha kundini, rudisheni, nasoma zote. Ila kabla hujaandika nijibu hili kwanza: wewe mlango wako usipofunguka kesho asubuhi, nani atagonga?