Maji Aliyoyachota Teodora

Teodora binti Mayala alikuwa na desturi ya kugonga kila mzinga kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, kisha kutega sikio. Mzinga wenye afya, alinieleza, hujibu kwa mvumo mfupi unaonyamaza upesi. Wenye njaa hulalamika kwa muda mrefu. Alikuwa na mizinga ishirini na sita ya magogo, urithi wa marehemu mumewe Shimba, naye aliigonga yote kila asubuhi kabla hajashika jembe.

Shimba alikuwa ameitundika juu ya miti. Lakini kwetu mwanamke hakupanda mti kurina asali. Akipanda, ukame wa mwaka huo atasingiziwa yeye. Kwa hiyo mjane huyu aliwaomba shemeji zake waishushe, akaipanga juu ya nguzo fupi zilizomfika kifuani. Watu walimcheka kwamba anafuga nyuki kama kuku. Aliwajibu kwamba hajaona bado kuku aliyetoa nta ya mishumaa ya Pasaka.

Mwaka 1974 tulipohamishiwa kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kivuko cha Kigongo, kila kaya iliamriwa kuja na mali yake yote. Teodora alileta mizinga kwa mkokoteni wa ng'ombe, akaisimamisha nyuma ya kiwanja alichopewa. Baadaye kamati ilipima shamba la pamoja la pamba, ekari arobaini, likaanzia pale pale nguzo zake zilipoishia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya kijiji na mwandishi wa mihtasari ya mikutano. Niliuamini Ujamaa na ninauamini hata leo, ndiyo sababu sikubali jambo hili lifunikwe.

Februari ya mwaka 1976, pamba ilipoanza kuchanua, mkutano uliitishwa kupanga upigaji wa dawa ya wadudu. Tuliiita dawa, ingawa kila aliyeibeba mgongoni alijua ni sumu. Teodora alisimama, akazungumza bila kupandisha sauti.

"Sikatai dawa, ndugu zangu. Nyuki hurudi jua likiinama. Pigeni wakisharudi, na mniambie siku moja kabla, nizibe midomo ya mizinga."

Mikono ilinyooshwa, karibu yote. Nikaandika kwamba dawa ipigwe kuanzia saa kumi na moja jioni, na Ndugu Teodora apewe taarifa siku moja kabla. Mwenyekiti wetu, Nkwabi, akatia sahihi.

Juma lililofuata ikaja habari kwamba mgeni kutoka mkoani angelitembelea shamba Jumamosi, saa nne asubuhi. Nkwabi alitaka mgeni awakute vijana na mabomba mgongoni, kazini. Hakuitisha mkutano. Aliagiza tu kwamba wanawake wa nyumba kumi za kina Teodora wachote maji ziwani, maji ya mgeni, nao wakadhani ni ya chai na ya kunawa.

Teodora alichota debe moja, akalimimina katika pipa alilooneshwa kando ya shamba. Akachota la pili. Aliporudi na la tatu alikuta maji ya pipa yamegeuka meupe kama maziwa, na Ngosha, kijana wa jirani yake, anajaza bomba.

"Ngosha, mwanangu, hii ni saa ngapi?"

"Saa ya mgeni, mayu," Ngosha akamjibu, akimwita mama kwa heshima ya Kisukuma huku akimtania. "Hawa nyuki wako wana kadi ya chama?"

Wenzake wakacheka. Nkwabi alisema bila kumtazama kwamba ni leo tu, kesho watafuata kikao.

Teodora aliliacha debe lake, akakimbilia mizinga na majani na udongo. Alikuwa ameziba tisa alipotambua kosa lake. Saa nne nyuki huwa mauani. Waliokuwa wakirudi, wengine tayari wakitetemeka, walijazana juu ya udongo aliowafungia mlango. Akaanza kuzibua kwa kucha.

Mimi nilikuwa nimewapanga wanafunzi wamwimbie mgeni. Niliambiwa kinachotendeka, na sikuondoka kwenye mstari.

Mgeni alikaa robo saa, akasifu, akawahi kivuko.

Kwa siku tatu Teodora alifagia nyuki chini ya nguzo zake kama mtu afagiaye pumba. Niliandika barua wilayani, nikaambatisha muhtasari. Nilijibiwa kwamba kijiji kinapongezwa kwa kutunza pamba. Nauliza mpaka leo: kama uamuzi wa wanakijiji mia mbili unafutwa na robo saa ya mgeni mmoja, tulihamishwa ili tujitawale katika jambo gani?

Msimu ule maboga ya akina mama yalichanua vizuri, kisha vijiboga vyake vichanga vikanyauka na kudondoka. Waliocheka walimpelekea Teodora vile vijiboga vikavu mkononi, wakitaka kujua ni ugonjwa gani. Aliwaambia kwamba ua lisilotembelewa na nyuki halizai, bila kumsuta yeyote.

Mwezi Mei alikuja shuleni. Hakujua kusoma. Aliniamkia vizuri, akaniomba nimsomee lile daftari la mkutano. Nikasoma.

"Rudia, mwalimu."

Nikarudia, pamoja na saa, jina lake, na sahihi.

"Kwa hiyo nilishinda," akasema.

"Ndiyo, mama. Ulishinda."

Alitikisa kichwa taratibu, akajifunga khanga vizuri. Akanieleza kwamba maji yale aliyachagua mbali na matete, yawe safi, kwa sababu ya mgeni. Kisha akaaga.

Nilimsindikiza hadi kwake. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akagonga mzinga wa kwanza kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Alisubiri mvumo ambao haukuja. Akaenda wa pili. Aligonga yote ishirini na sita, na katika kila mmoja alisubiri muda uleule.